Ndoo Nusu

Fundi Leszek alikuja Jumanne na sarafu mfukoni.
Akapiga magoti jikoni kwangu, akagonga sakafu,
sikio limeinama kama la daktari kwenye kifua cha mtoto.
Karibu na jiko mlio ukabadilika.
"Hapa pana uwazi," akasema, akainuka bila kushika kitu,
nami nikayaonea wivu magoti yake.

Zloti elfu tatu na mia nane, mbali na vigae,
na hawezi kuja kabla theluji haijayeyuka.
Chai hakuimaliza.

Vigae ninavyo. Maboksi tisa ukumbini,
rangi ya ganda la mkate,
tangu duka la kona lilipofunga na kuuza kwa bei ya kutupa.
Nikipita usiku, kidole gumba cha mguu huvihesabu.

Binti yangu Bogumiła, simuni kutoka Gdańsk:
"Mama, una miaka sitini na saba."
Kana kwamba umri ni miwani, nimeusahau mahali.
"Ukikosea utavunja, utalipa mara mbili."
Hapo amesema kweli. Kweli yake nimeiweka mezani, juu ya bili,
nikaigeuza, nikaitazama na upande wa pili.

Miaka thelathini na mmoja kiwandani, hapa hapa Łódź,
nilisimama mbele ya mitambo ya kufuma
iliyonguruma hata tukawa tunasemezana kwa midomo bila sauti.
Najua mtande. Najua mshindio.
Najua uzi mmoja ukipinda asubuhi,
jioni kitambaa kizima kimekwenda harijojo.
Lakini uzi hufumuliwa.
Kigae kikishashika hakisikii samahani.

Usiku nikavipanga vikavu, bila gundi,
kuanzia dirishani.
Safu ya kwanza ikanyooka, ya pili ikatii.
Ya saba ikafika ukutani, nyuma ya jokofu,
ikanionyesha siri ambayo nyumba imenificha tangu niolewe:
pembe si pembe.
Upande huu vidole viwili, upande ule vitatu na nusu.
Nikacheka peke yangu.
Miaka yote hiyo nililishutumu kabati.

Chini, Zenon akagonga bomba kwa kijiko:
saa tano usiku, mama.
Nikamjibu kwa mwiko. Mara moja. Kwa adabu.

Siku nne nikatembea juu ya vigae visivyoshikizwa,
vikilalama chini ya ndala
kama sahani kabatini lori linapopita.
Nikapika supu ya bitiruti, nikamwaga kidogo makusudi
nione wekundu utakimbilia wapi.
Nikasoma nyuma ya mfuko wa gundi mara tatu:
maji lita sita, koroga, acha, koroga tena.
Hapakuandikwa "kwa wanaume",
wala "kwa walio chini ya sitini".
Wala hapakuandikwa kwamba nitaweza.

Wahenga husema kupotea njia ndiko kujua njia.
Wahenga hawakuwa wakiishi kwa pensheni
ya zloti elfu mbili na ushei.

Mfuko mzima uliniogofya.
Basi leo, Jumamosi, nimechanganya ndoo nusu. Nusu tu.
Kigae kimoja, nilijiambia, kile cha chini ya jokofu,
mahali ambapo hata Bogumiła hatainama kuchungulia.
Mto wa kochi chini ya magoti.
Pimamaji nimeazima kwa Zenon. Alinipa bila neno,
akafunga mlango, akaufungua tena:
"Lakini mchana, sawa?"

Gundi ikishachanganywa, mfuko unasema, ina nusu saa.
Nilikuwa bado nawaza, nimpigie Leszek, nisimpigie,
elfu tatu na mia nane, theluji, magoti,
nikainua macho kwenye saa ya ukutani:
dakika kumi na mbili zimeshakwenda,
na gundi, jamani, haiwazi.